Vidonge vya Koo la Angèle

Hospitalini, Likasi
Jumapili, tarehe 19 Juni 1983

Mpendwa kaka yangu, yaya Mathieu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hujambo huko Matadi? Kifua kinaendeleaje na lile joto la bandarini, na mguu ulioumia ukipakua meli umeacha kuvimba? Na Bwana Isidore unayekaa naye, hajambo na watoto wake? Sisi huku tunashukuru Mungu. Baridi ya Juni mwaka huu imekuja na hasira zake, vumbi linaingia mpaka kwenye sukari, na maji ya bomba yanatoka yanapojisikia. Mama yetu Gertrude miguu inamsumbua, lakini ulimi haujambo kabisa. Mume wangu Georges yuko zamu ya usiku kiwandani wiki hii, na anakusalimu.

Haya. Nimekuamkia kama mdogo anavyopaswa kumwamkia mkubwa wake, hakuna atakayesema Marceline hana adabu. Sasa vuta kiti ukae, maana nina hasira, na fungu kubwa la hasira hiyo ni lako.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Binti yako Angèle yu hai, amelala hapa mbele yangu, na mchana huu amekunywa uji nusu bakuli. Naliweka hili juu kabisa kwa sababu nakujua: ukiona neno hospitali utaanza kutetemeka na kuruka mistari. Usiruke. Nataka usome kila mstari, hata ile itakayokuchoma.

Unayakumbuka mafindofindo yake. Kila kiangazi zile tezi mbili za koo zinavimba mpaka mtoto anakoroma kama mzee, homa inapanda, shule anaikosa. Mwaka huu yamemshika mara tatu hata kabla baridi haijaingia. Tulikuandikia, ukajibu tufanye tutakavyoona vema. Tukaona vema yatolewe. Tangu marehemu mkeo Hélène alipotuachia huyu mtoto, Georges alimwandikisha kazini kwake kama mtoto wa nyumbani, kwa hiyo hospitali ya kampuni inamtibu bila maneno.

Hapo ndipo vita vya kwanza vilipoanza. Mama alisema koo la mtoto halifunguliwi kwa kisu cha daktari. Anamfahamu mzee mmoja upande wa Kamatanda anayekata kilimi kwa wembe, anapaka majivu, na mtoto anarudi nyumbani siku hiyohiyo akiimba. Nikamwuliza ni mtoto wa nani huyo aliyeimba. Hakunipa jina. Akaninunia, akawa anamtuma Georges aje kuniambia chumvi imekwisha, na mimi nimesimama palepale jikoni pembeni yake. Hayo ndiyo maisha yangu, yaya, wakati wewe unatazama meli.

Basi Jumatatu iliyopita tulikwenda. Muuguzi alisimama mlangoni akaita, “Ngalula! Ngalula!” nasi tumekaa kama magunia, maana nyumbani hakuna anayemwita mtoto kwa jina lake la karatasi. Angèle mwenyewe ndiye aliyenivuta kitenge. Aliingia bila kulia. Aligeuka mara moja tu kuniangalia, akaenda zake na yule muuguzi, mgongo umenyooka kabisa kama wa marehemu mama yake.

Alipotoka na kuzinduka, daktari aliniita. Ni kijana, anaitwa Floribert, amesomea Lubumbashi, na ana tabia ya kueleza mambo, jambo ambalo kwa madaktari si la kawaida. Aliniambia kwamba kisu kikishapita, koo linavimba kama kidole kilichobanwa na mlango, na uvimbe huo ndio unaoleta maumivu makali, mtoto akakataa kumeza. Asipomeza anakauka, akikauka haponi. Kwa hiyo alipokuwa bado usingizini walimpiga sindano moja ya dawa za jamii ya kotizoni. Hiyo haiui vijidudu wala haileti usingizi. Kazi yake ni kutuliza uvimbe, na hata kile kichefuchefu cha dawa ya usingizi inakipunguza. Kisha akanipa vidonge vichache vya dawa za jamii hiyo, nimpe kimoja kila asubuhi siku chache tu, basi. Aspirini nisimpe hata kidogo kwa sababu ya damu, na nikiona anatema damu mbichi nimlete mbio. Vinywaji baridi kwa wingi. Na vile vidonge ni vya Angèle peke yake, havigawanywi nyumbani kama karanga.

Hayo ya karanga aliyasema yeye, nami nikacheka. Nikajiambia huyu kijana anatuona washamba. Nani atagawa dawa ya koo?

Tulirudi nyumbani mchana wa Jumanne. Kabla sijavua viatu, jirani yetu Hortense ameshaingia. Humfahamu, alihamia baada ya wewe kuondoka, na nakuombea usimfahamu kamwe. Ni mwanamke anayeweza kusikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu. Akachukua pakiti ya vidonge mezani, akaigeuzageuza, akaanza mahubiri mbele ya mtoto:

“Ah, mama Marceline, minye mwenyewe hii naijua! Hii njo dawa bamama banakunywaka juu ya kuwa banene. Mu marché banauzisha. Unakunywa kidogo tu, unakula bukari kama muntu wa kuchimba mu mine, mashavu inakuya, matako inakuya, bwana anafurahi!”

Nikampokonya pakiti. Nikamwambia hii ni ya koo, mama Hortense, imetoka kwa daktari. Lakini ni kweli anayoyasema, hilo ndilo linaloudhi. Wanawake wa mji huu wananunua vidonge hivi sokoni, havina hata karatasi, vimefungwa kwenye kipande cha nailoni, wanameza miezi na miezi ili wanenepe. Uso unawavimba, wanauita unene, wanashukuru. Nilimsindikiza Hortense mpaka nje ya ua ili niwe na uhakika ameondoka.

Sasa nifike kwa mchumba wako.

Suzanne huna haja ya kuelezwa, ingawa nadhani umeanza kumsahau. Alikusubiri Krismasi, hukuja. Alikusubiri Pasaka, ikaja barua. Sasa tumeambiwa ni Agosti. Na muda wote huo hajaacha kuja kwetu. Akimaliza kushona nguo za watu anakuja kumsaidia Mama kupepeta unga, anamsuka Angèle nywele, anamrekebishia sare ya shule. Ni mwembamba, ndiyo. Kwao wote ni wembamba, baba yao Lambert ni mwembamba, mbuzi wao wenyewe ni wembamba. Lakini anabeba gunia la makala kutoka barabarani mpaka jikoni bila kupumzika, na wewe hilo huliwezi.

Na sasa ile barua yako ya Pasaka. Georges aliisoma kwa sauti sebuleni baada ya misa, kama barua zako zote zinavyosomwa, watu wote wamekaa, na Suzanne akiwamo. Pale mwishoni ukaandika kwamba picha yake umeipata, na kwamba tumshindilie tonge za bukari, maana ukimkuta bado ni ufito hutashuka kwenye treni. Tulicheka. Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Suzanne naye alicheka, kiganja mdomoni. Nami nilicheka, nakiri, kwa sababu ni maneno yako, na tumekukosa, na tulikuwa tumekula vizuri siku hiyo.

Wiki hii ni ya mitihani shuleni. Nina watoto wa darasa la tatu, siwezi kuwaacha. Georges akitoka zamu ya usiku analala, na Georges akilala hata treni ipite chumbani haamki. Mama nilimwogopa na mizizi yake. Suzanne akasema atakuja kila asubuhi kukaa na Angèle, analeta na mashine yake ya kushonea. Nikamshukuru Mungu kwa wifi wa namna hiyo.

Kidonge nilikitoa mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Nilimwekea Angèle mkononi, na kikombe cha maji ya sukari pembeni. Alinionyesha kwa vidole kwamba atakimeza taratibu mwenyewe, koo linamuuma nikimsimamia. Nikaona mtoto amekua. Nikamsifu, yaya! Nikamwambia marehemu mama yake angefurahi kumwona. Nikachukua mkoba wangu nikaenda kusimamia mitihani ya kuzidisha.

Siku ile ya Jumanne alikuwa hajambo, maana ile sindano ya daktari ilikuwa bado mwilini. Jumatano akaanza kukunja uso. Alhamisi hakutaka maji. Ijumaa hakutaka hata mate yake mwenyewe, alikuwa anayatema kwenye kopo la maziwa, mkono shavuni, machozi yanateremka bila sauti kwa kuwa sauti yenyewe inauma. Nilimletea barafu kutoka kwa masista, nikamletea uji uliopoa, nikamletea maji ya matunda. Anatikisa kichwa. Midomo imepasuka, macho yamezama. Na siku hiyohiyo ya Ijumaa, mtoto wa Barnabé wa mtaa wa pili, aliyekatwa asubuhi ileile na daktari yuleyule, akapewa vidonge vilevile, nimemkuta njiani anakimbiza mpira wa matambara huku anatafuna mkate!

Hasira iliyonishika pale barabarani siwezi kuiandika. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama anachemsha uji wa pilipili. Ati mgonjwa haulizwi uji. Nikamwambia Mama, mgonjwa huyu hawezi kumeza hata hewa, unataka kumchoma na pilipili? Akasema, “Nilisema minye! Nilisema!” Huyo naye.

Nilikaa nikafikiri, na unajua mimi nikifikiri nina hasira sifiki mbali. Nikaona mambo ni wazi. Mtoto wa Barnabé kapewa dawa ya kweli kwa sababu Barnabé ni msimamizi wa zamu, na sisi tumepewa chaki. Nikalala na wazo hilo, likaamka kubwa zaidi.

Jana ilikuwa Jumamosi. Wanaume wote walikuwa salongo, ile kazi ya lazima, na majembe yao, wanafyeka majani ya barabara kwa amri ya chama, hakuna gari wala baiskeli ya kuazima. Nilimfunga Angèle mgongoni kwa kitenge. Miaka tisa, miguu inaning'inia mpaka magotini pangu. Kichwa chake kilikuwa cha moto shingoni mwangu, na alikuwa mwepesi, yaya, mwepesi kuliko alivyokuwa Jumatatu, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko homa. Nilikwenda nikisali na kutukana kwa zamu.

Nilimkuta daktari Floribert katika korido, watu wamejaa kwenye mabenchi, nusu yao wake za wenzake Georges. Sikumngoja aniamkie.

“Docteur! Hii dawa yako iko chaux, chokaa ya Kakontwe! Mutoto ya Barnabé anacheza ballon, yetu anakufwa! Juu ya nini? Sisi hatuko bantu?”

Mabenchi yote yakageuka. Nadhani mpaka wanaojifungua kule maternité walisikia. Mimi, mwalimu, ninayewafundisha watoto wa watu kunyoosha mkono kabla ya kusema.

Yule kijana hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimpokea Angèle mgongoni mwangu, akamlaza, akamwangalia koo kwa taa, akamgusa ulimi, akamfinya ngozi ya mkono akaona inavyochelewa kurudi. Akaagiza atundikiwe maji mara moja. Ndipo akanigeukia.

“Mama, damu hakuna, hiyo njo bahati yetu. Lakini koo imevimba sana. Hii haiko koo ya mutoto mwenye alikunywa ile dawa. Nani anamuonaka wakati anameza?”

Nikasema, “Minye mwenyewe namupatia!”

Akasema, “Kumupatia nimesikia. Kumuona akimeza?”

Nikaanza kumweleza habari za mitihani ya kuzidisha.

Walipokwisha kumtundikia maji, muuguzi alisaga kidonge, akakichanganya na sukari kwenye kijiko, akamletea. Mtoto aliyeshinda siku nzima hana nguvu za kuinua kichwa aliinuka akakaa! Akabana meno. Nikamshika kidevu, akageuza uso. Nikamfokea. Nikamwambia unataka kufa ukaniache nimwambie nini baba yako? Ndipo akasema, kwa sauti kama ya mlango mbovu, neno la kwanza tangu Alhamisi:

“Hapana, tantine. Hii iko ya mama Suzanne.”

Nikamwuliza, ya Suzanne namna gani? Suzanne anaumwa koo? Akatikisa kichwa. Kila neno lilikuwa linampitia kama mwiba, lakini alikuwa ameamua kulisema ili tumwache.

“Minye njo namupatia. Kila asubuhi. Iko dawa ya kuwa munene, mama Hortense alisema. Papa aliandika, kama mama Suzanne haiko munene, hatashuka mu train.”

Yaya Mathieu, siku ile ya barua yako mtoto huyu alikuwepo. Alikaa mkekani akimenya karanga. Sisi tulikuwa tunacheka, naye alikuwa anasikiliza. Amekungoja Krismasi, amekungoja Pasaka, hakuna mtu aliyemwambia kwa nini huji. Halafu siku moja wewe mwenyewe ukaandika kwa nini, na mjomba Georges akasoma kwa sauti. Kwake ule haukuwa mzaha. Ilikuwa ni sababu, na Hortense akamletea dawa yake mpaka mezani.

Muuguzi alikwenda kusimama dirishani. Daktari akabaki na kile kijiko mkononi. Mimi nilikaa chini, sakafuni, na kitenge changu cha Jumapili.

Sijamaliza. Suzanne akaingia, hajui lolote, na chupa ya chai chini ya kwapa, macho mekundu. Mikono inamtetemeka. Hajalala tangu Jumatano, anasema mwenyewe, moyo unamwenda mbio na njaa haimwachi, amekula mpaka makoko ya sufuria. Nilimrukia kwa maneno ambayo nitayaungama kwa padri, si kwako. Aliyapokea yote. Kisha akasema polepole:

“Mama Marceline, mutoto aliniambia docteur amesimamisha dawa yake. Aliniambia ni weye njo unatuma nikunywe, juu ya mariage. Alikuwa ananiangalia mpaka nimeze. Nikaona, kumbe na mama Marceline anaona sifai.”

Aliamini kwa sababu alitaka kuamini. Na hiyo si yote. Juzi alikuwa amekwenda sokoni kununua vingine, viwili viwili kwa siku, ili mambo yaende haraka. Daktari alimketisha palepale. Akamwambia dawa hii ikitumika siku chache kwa uvimbe wa koo ni rafiki. Ikimezwa miezi mingi kwa ajili ya mashavu inalainisha mifupa, inapandisha damu na sukari, na mwili unasahau kutengeneza kotizoni yake yenyewe, hata kuiacha ghafula kunakuwa hatari. Yeye amemeza kidogo tu, anaweza kuacha leo. Suzanne akatoa kile kifungo cha nailoni kwenye kitambaa cha kichwa, akakiweka kwenye kiganja cha daktari. Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia.

Nilimwomba msamaha daktari mbele ya korido ileile, maana matusi ya hadharani hayaombewi msamaha chumbani. Wale wake za wenzake Georges walifurahi sana. Leo habari imefika kila mahali, na Mama anasema angekatwa kilimi haya yote yasingetokea. Hortense amekuja na mihogo kuniuliza kama vidonge vimebaki.

Unaona sasa kwa nini nimekasirika? Nimekasirika na Hortense kwa mdomo wake, na Mama kwa wembe wake, na Georges kwa usingizi wake na kwa sauti yake nzuri ya kusomea barua. Nimekasirika na Suzanne, mwanamke mzima kutii kidonge kutoka kwa mtoto. Na mimi mwenyewe, niliyekwenda kusimamia kuzidisha kwa watoto wa watu. Lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha, kaka yangu, na mzaha ulikuwa wako. Shaba inatoka huku, inapanda treni mpaka Ilebo, inapanda boti mpaka Kinshasa, inapanda treni tena mpaka inafika miguuni pako hapo Matadi. Haina miguu, na inafika kila wiki. Wewe unayo miwili, hata kama mmoja unauma.

Kuhusu ndoa, nimemwuliza Suzanne nikuandikie nini. Alifikiri, akasema nikuandikie hivi: “Mwambie niko vile niko. Akikuya, anikute. Asipokuya, mutoto nitaendelea kumusuka nywele.” Sijaongeza wala sijapunguza. Ukitaka kujua maana yake, uje uiulize mwenyewe. Jana alitandika mkeka chini ya kitanda hiki akalala hapo, na asubuhi ya leo ni yeye aliyemshawishi Angèle kumeza, si mimi na ukali wangu wala muuguzi na sukari yake. Alimshika mkono, akamwambia atakuwepo tu, mnene au mwembamba. Mtoto akafungua mdomo.

Dawa inafanya kazi, hilo niliseme kwa haki. Saa chache tu baada ya kile kijiko cha asubuhi uvimbe ulianza kulegea, akaomba maji mwenyewe, kisha ule uji. Daktari anasema Jumanne tutarudi nyumbani, lakini vidonge vilivyobaki vitamezwa mbele ya macho ya mtu mzima, mdomo wazi, ulimi nje. Amenitazama mimi alipokuwa anasema hivyo.

Msalimie sana Bwana Isidore na wote wa kwetu mlioko huko. Mama anakubariki na anakukumbusha misa ya mwaka ya Hélène. Baba Lambert, mkwe wako kama Mungu akipenda, anakusalimu, ingawa jana hakuwa na uso wa salamu. Barua hii nampa Bwana Zéphirin anayekwenda Kinshasa kesho, ataitia posta akifika. Usijisumbue kunijibu. Karatasi tunazo za kutosha.

Nimalize na hili. Asubuhi, alipokwisha kumeza kile kidonge, Angèle alianza kulia. Nikadhani ni koo. Nikamwuliza inauma wapi, akasema haiumi. Alikuwa anaona kama amemeza safari yako. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake, akaniomba nisikuandikie kwamba dawa ameinywa yeye. Nilimwahidi sitakuandikia.

Mungu akulinde na maji ya mto huo na joto lake, akupe afya, na akupe haraka.

Mimi mdogo wako akupendaye, ingawa wiki hii umenipa kazi kubwa,

Marceline